Mswaki ule haukuwa aibu

Ndugu Mhariri,

Salaam. Gazeti lako hufika huku Utete limechelewa siku moja, wakati mwingine mbili, na mimi nalisoma baada ya mama muuza vitumbua kulimaliza, kwa hiyo kurasa za mbele huwa na madoa ya mafuta. Hata hivyo picha ya wiki juzi niliiona vizuri. Askari kijana wa wanyamapori amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, bunduki ya SMG iko mapajani, anaisugua kwa mswaki wa meno. Pembeni yake kuna kipande cha kanga na kopo la mafuta. Chini mkaandika kwamba askari wetu wamefikia mahali pa kusafisha silaha kwa miswaki na matambara, na neno "aibu" mkalitia humohumo.

Nimekuwa askari wa wanyamapori miaka 31, tangu 1981 nilipotoka chuo cha wanyamapori cha Pasiansi hadi 2012 nilipostaafu kwa hiari. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeilala Selous, upande wa Kingupira na Matambwe, kabla eneo kubwa la pori lile halijawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Wazee wa vijijini walikuwa bado wanatuita mabwana nyama. Nimebeba bunduki za kila namna, .458, .375, SAR, SMG, na zile .303 tulizoachiwa na Waingereza, na zote nimezisafisha kwa mswaki. Picha yenu ina aibu, sikatai, ila haiko mkononi mwa yule kijana mlikoitafuta. Nitaifikia.

Nianze na huo mswaki. Bolti ya bunduki, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuingiza risasi, mbele ina uso mdogo wa duara, na ubavuni mwa uso huo kuna ukucha unaovuta ganda la risasi iliyokwisha kupigwa. Masizi ya baruti hupenda kujibana chini ya ukucha ule. Yakijaa, ukucha haushiki vizuri, ganda linabaki ndani ya chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, na hapo umebaki na rungu la bei ghali mbele ya nyati. Sasa utapaingiaje mahali padogo vile? Kidole hakifiki. Kitambaa kinapita juu kwa juu. Mswaki uliochakaa, ambao bibi nyumbani amekwisha kukuambia uutupe, unaingia na kutoka na weusi wote. Ni nailoni, haukwaruzi chuma. Mimi nilikuwa naukata mpini kidogo ili ukae mfukoni pamoja na tumbaku.

Mtaniambia serikali hutoa vifaa. Kweli, bunduki nyingi hutoka kiwandani na vifaa vyake. SMG ina kitundu kwenye kitako, mnakaa kikopo kidogo chenye brashi na vikorokoro vyake, na chini ya mtutu kuna ufito wa chuma wa kusafishia. Lakini bunduki ikishapita mikono kumi ya mabwana lindo, kikopo hakipo, na ule ufito, Mungu atusamehe, nimeukuta umepinda na kuungua kwa sababu watu wameuchomea mishikaki. Nilikula mishikaki hiyo, siwezi kujitoa. Ufito uliopinda ukiuingiza mtutuni unakwaruza mdomo wa bunduki, na mdomo ndio sehemu ya mwisho risasi inayoigusa kabla ya kwenda zake. Ukiharibika, risasi zinatawanyika, na askari anaanza kulaumu macho yake.

Kwa hiyo sisi wa Rufiji tulirudi kwenye kazi tunayoijua. Mshipi na chubwi. Unachukua chubwi la madini ya risasi, lile la kuvulia samaki, unaliweka juu ya jiwe na kulifua polepole kwa nyundo mpaka liwe jembamba kuliko penseli na refu kama kidole gumba. Madini ya chubwi ni laini kuliko chuma cha mtutu, hayakwaruzi. Unalifunga kwenye uzi wa nailoni uliosokotwa, ule mnene wa kuvutia papa wadogo, si ule mwembamba unaong'aa, maana mwembamba ukikatika umejitafutia msiba. Bunduki unaisimamisha mdomo chini, unadondosha chubwi kutokea chemba, linashuka kwa mlio mdogo, tik, tik, mpaka linachungulia huku chini. Halafu unavuta, na kitambaa kinafuata. Kinapita mwendo uleule inaopita risasi, kwa hiyo uchafu haurudi nyuma kwenye mitambo. Waingereza walikuwa na kamba ya namna hiihii kwa ajili ya .303, yenye uzito wa shaba, imekunjwa ndani ya kitako pamoja na kichupa cha mafuta. Walikata flaneli ya inchi 4 kwa 2. Sisi tulikata kanga.

Na si kila kanga. Kanga mpya ina wanga, inateleza tu kama imepakwa nta, haishiki kitu. Inatakiwa kanga iliyofuliwa mpaka jina lake halisomeki tena. Fulana nzee ya pamba pia inafaa. Shati la polista usijaribu, halinywi mafuta, linasukuma uchafu kutoka upande huu kwenda ule. Kipande kiwe upana wa vidole vitatu, na nyuma ya kitambaa uache mkia wa uzi unaofika nje ya chemba, ili kikikwama ukirudishe ulikotoka. Huo mkia nimejifunza kwa gharama. Mwaka 1983 nilikaza kitambaa kwa uroho wa kutaka mtutu ung'ae kwa mkupuo mmoja, uzi ukakatika, kanga ikabaki katikati ya mtutu wa .375. Mwenzangu akasema, piga risasi moja itatoka. Bahati nzuri alikuwepo mzee mmoja wa kazi, akamnyang'anya risasi mkononi. Mtutu ulioziba ukiupiga risasi, unapasuka na kufunguka kama ganda la ndizi, na wewe uso wako uko hapohapo. Tulitia mafuta ya taa, tukasubiri mpaka asubuhi, tukakisukuma kwa ufito wa mti ulionyooka. Usiku ule sikulala kwa kuogopa afande atakuja kukagua.

Kwa pembe na vijifuo ambavyo mswaki haufiki, kuna chelewa. Chomoa moja kwenye ufagio, ichonge ncha, ikivunjika chukua nyingine, ufagio una mia. Sindano na msumari vinaacha mikwaruzo, chelewa haiachi. Na ule mswaki wa mti wanaotafuna wazee, ukiutafuna ncha mpaka utoke nyuzi, unakuwa brashi nzuri kuliko nyingi zinazouzwa. Ninayoyasema si ya kujifariji kwa umaskini, Mhariri. Chuma kinataka kitu laini kuliko chenyewe, na nyumba ya Mswahili imejaa vitu laini.

Sasa birika. Hili lina kisa, na nina haja nacho baadaye.

Watu wengi hudhani bunduki inasafishwa kwa mafuta peke yake. Risasi nyingi za zamani za kijeshi, hasa zile zilizotoka nchi za mashariki, fataki zake, vile vidude vya kitakoni mwa risasi vinavyowasha baruti, zikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu. Nasema chumvi kwa maana yake, ni ndugu wa hii ya jikoni, huvuta unyevu wa hewani na kuota kutu usiku mmoja, tena katika joto la Rufiji wakati wa masika utaiona kwa macho kama vumbi la pilipili. Sasa, muulize mtu yeyote aliyewahi kupika samaki ng'onda. Ukimmwagia mafuta, chumvi inatoka? Haitoki. Unamloweka kwenye maji. Na mtutu ni hivyohivyo. Mafuta yanaifunika chumvi na kuiacha ile chini kwa raha zake. SMG imepakwa kromu ndani, inavumilia kidogo. Ile .303 haina kromu, haikusamehe.

Basi tulichemsha maji. Unatoa bolti, unaelekeza mdomo wa bunduki kwenye ndoo, unaweka faneli kwenye chemba, unamimina birika zima. Faneli yetu ilikuwa kopo la maziwa lililotobolewa, kwa sababu chupa ya plastiki inanywea kwa maji ya moto. Yanayotoka kwanza ni meusi kama kahawa ya Bukoba, kisha kijivu, kisha masafi. Na sababu ya kuyachemsha ni kwamba mtutu unapata moto mpaka huwezi kuushika, na maji yaliyobaki yanakauka yenyewe. Unapitisha kitambaa kikavu, kingine, halafu chenye mafuta kidogo. Babu yangu aliyekuwa na gobore alifanya vivyo hivyo kwa baruti nyeusi, maji ya moto na sabuni ya kipande, kisha mafuta ya mkia wa kondoo. Hakusoma kemia popote.

Birika lenyewe lilikuwa la chai. Mwaka 1984 mwenzetu mmoja, simtaji maana yu hai na ana wajukuu, alirudi doria amechoka, akakaa kusafisha SMG yake. Akavuta koki, ule mkono wa kuvutia bolti, risasi iliyokuwa chemba ikaruka nje, akaridhika kwamba sasa bunduki ni tupu. Akaachia koki. Halafu ndiyo akachomoa magazini, lile kasha la risasi. Umeona alipokosea? Alipoachia koki, magazini bado ilikuwa mahali pake, kwa hiyo bolti ilipokuwa inarudi ilisomba risasi nyingine na kuipeleka chemba. Akaitoa magazini, akaitazama, akaiweka juu ya jamvi kwa adabu kabisa, akabonyeza kifyatulio cha bunduki. Risasi ikapita kwenye birika lililokuwa juu ya mafiga, ikaingilia karibu na shina la mdomo wake wa kumiminia na kutokea upande wa pili, maji yakazima moto, na sote tukabaki tumekaa vilevile tulivyokuwa, kila mtu anajipapasa. Hakuumia mtu. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno, kisha mpishi akauliza, "Sasa chai?"

Fundi bati wa Ikwiriri alitia viraka viwili. Liliendelea kuvuja tone moja moja, afande akanunua jipya la chai, na lile likawa la bunduki. Na tangu siku hiyo, kambini kwetu, mtu akitaka kusafisha, kwanza aliliweka birika mbele yake, viraka vikimtazama. Magazini kwanza. Kisha koki, mara mbili, mara tatu. Kisha unachungulia chemba kwa jicho, na usiku unaingiza kidole. Risasi zote unazipeleka mbali, zisiwe juu ya jamvi moja na bunduki. Mdomo unaelekea udongoni pasipopita mtu. Yote hayo kabla mswaki haujatoka mfukoni.

Nirudi kwenye mafuta, kwa sababu hapa ndipo nyumba inapoweza kukuponza. Mafuta ya alizeti na ya pamba ni ya chapati. Ukiyapaka kwenye chuma, baada ya wiki kadhaa yanaganda na kunata kama yale yaliyokauka pembeni mwa kikaango ambayo mke wako anayakwangua kwa kisu. Mafuta ya nazi ni matamu zaidi kukudanganya. Huku Pwani ni maji maji, yanateleza, yananukia. Niliyatumia mimi mwenyewe mwezi mzima na nikajiona mjuzi. Mwaka 1987, mwezi Julai, tukapelekwa kozi fupi kule chuo cha wanyamapori cha Mweka, juu ya Moshi. Asubuhi ya kwanza ya shabaha, ukungu, baridi, meno yanagongana. Nikalala chini, nikalenga, nikabonyeza. Ta! Basi, ta tu. Mkufunzi akaniambia nisubiri na bunduki ikiwa imeelekea mbele, nikasubiri, halafu nikaitoa risasi: fataki imeguswa kidogo kama imedonolewa na kifaranga. Tukafungua bolti. Mafuta ya nazi yameganda ndani, meupe, kama mshumaa, na pini ya kupigia inasafiri ndani ya uji. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi, na Utete mchana sikuwahi kuijua digrii hiyo. Wachagga walicheka mpaka nikawa najulikana kozi nzima kwa jina la Mnazi.

Kinachofaa kilichomo nyumbani ni mafuta ya cherehani. Ni mepesi, hayagandi, hayanati, na kwa fundi cherehani yeyote utapata kichupa. Bunduki haihitaji mengi. Tulichovya ncha ya unyoya wa kuku, tukaukung'uta, ndipo tukapaka. Unyoya unaingia penye njia nyembamba na unabeba tone moja tu. Mtu anayemimina mafuta kwa kichupa anaandaa tope, hasa kuanzia Agosti pori likiwa limeungua na vumbi la majivu linaingia mpaka kwenye chumvi ya ugali. Kipindi hicho wengine wetu tulisugua ncha ya penseli ya mtoto wa shule kwenye njia za bolti. Unga ule mweusi unateleza na haushiki vumbi. Mafuta ya taa yanaondoa mafuta yaliyoganda vizuri sana, lakini yakikauka chuma kimebaki uchi, lazima upake mengine juu. Petroli msiguse, na wanaovuta sigara wasisogee. Oili chafu ya gereji, ile inayomwagwa, imekwisha kubeba vipande vya chuma na asidi ya injini ya watu. Mpya ukiwa umekwama, sawa. Chafu ipake nguzo za banda dhidi ya mchwa.

Na stilwaya, na majivu, na msasa! Nimewahi kuwa na mkufunzi mmoja wa gwaride aliyependa bunduki zimetamete. Alitukalisha na stilwaya na majivu ya jikoni mpaka mitutu ikawa myeupe. Askari wa Kiingereza wa zamani waliisugua ya kwao kwa unga wa matofali, kwa hiyo wazimu huo una ukoo. Ule weusi wa bunduki si uchafu, ndilo vazi lake. Ukilivua, kutu inaingia bila hodi. Mwezi mmoja baada ya gwaride lile zote zilikuwa na rangi ya udongo wa Morogoro.

Nimesema nyumba ina vitu vingi, nayo ina mipaka. Baada ya mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024, jirani yangu alinijia usiku na shotgun yake ya kulindia shamba dhidi ya nguruwe na ngedere. Ilikuwa imelala ndani ya maji siku nne, mtutu umejaa tope. Alitaka kuikausha juu ya jiko la mkaa. Nikamwambia kwanza anioneshe leseni, akaniona mzee mshari, akanionesha. Tuliiosha kwa maji safi mengi kabla tope halijakauka, maana tope likikauka ndani ni saruji. Tukafungua kile ambacho mwenye bunduki anatakiwa kukifungua, hatukugusa zaidi. Mbao tuliiweka kivulini siku nyingi, kwa sababu jua kali au jiko linaipasua. Mafuta ya taa, kitambaa, unyoya. Katika mtutu wa shotgun kipande kikubwa cha kanga kinapita, ni upana wa kidole gumba, raha tupu. Mwisho nikaweka kucha yangu ya gumba pale chemba, kucha inarudisha mwanga wa jua, nikachungulia kutoka mdomoni baada ya kuhakikisha mara ya tatu kwamba ni tupu. Niliona vidoa. Hapo nikamwambia: mimi nimefika mwisho, usiipige hata risasi moja mpaka fundi mwenye leseni aitazame, na hizo risasi zilizolowa zipeleke kituo cha polisi. Alitaka kuvisugua vidoa kwa msasa uliozungushiwa kijiti. Nilimkatalia, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haimpi kila mwenye tupa na bisibisi ufundi wa bunduki.

Kama mnatafuta habari ya aibu, tumeni mpiga picha kwenye mageti ya mjini. Mwaka jana nilikwenda Dar kwa mwanangu. Kwenye ghala moja nilimkuta mlinzi, mtoto wa watu, amebeba shotgun mkanda umefungwa kwa kamba ya katani. Nikamwamkia, tukazungumza, nikaona mdomo wa bunduki una udongo. Nyigu. Nyigu wa udongo wamejenga humo, nyumba kamili, imezibwa na mlango. Nikamuuliza imefunguliwa lini. "Mzee, tangu nikabidhiwe sijaruhusiwa kuifungua, nimeambiwa nikiharibu nalipa." Kampuni yake siitaji. Upepo wa bahari una chumvi, chuma chake kimeota kutu ya rangi ya mnazi uliokauka, na hakuna hata kipande cha kanga. Siku akibonyeza, wa kwanza kuumia ni yeye. Nilimwambia nyigu walipo, akaamua kuwaita wakubwa wake. Kijana huyo angekuwa na mswaki na ruhusa, mimi ningemshangilia barabarani.

Jingine kabla sijasahau, kwa wanaosafishia jikoni. Ule weusi wa mtutuni una sumu ya madini ya risasi ndani yake. Ndoo iliyopokea maji ya mtutu isioshe mchicha. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto. Sisi hatukulijua hilo mapema, tulikula ugali na vidole vyeusi miaka mingi tu. Na sinia la pilau lisifanywe la kuwekea springi na pini, ingawa ni kweli springi haipotei ndani yake. Tandika kanga nyeupe, au ungo mzee. Mimi nimekwisha kutafuta springi moja kwenye mchanga wa Kingupira kuanzia saa nane mchana hadi magharibi, askari watano tumeinama kama tunalima.

Sasa picha. Nimeikata, ninayo hapa chini ya miwani. Mswaki uko sawa. Kanga iko sawa, naona hata imechakaa inavyotakiwa. Lakini hebu tazameni chini ya bunduki, karibu na goti la kushoto la kijana. Magazini iko mahali pake, imepinda vilevile kama ndizi. Halafu tazameni mfuniko wa juu wa bunduki: haujaondolewa. Hakuna bolti iliyotolewa, hakuna kipande hata kimoja juu ya kanga. Mswaki unasugua mfuniko kwa nje, mahali ambapo hata kitambaa kikavu kingetosha. Hakuna askari anayesafisha hivyo. Kijana yule alikuwa anaigiza, na nadhani aliyemwambia "kaa hapo, shika mswaki, jifanye unasafisha" ni mwenye kamera.

Na mdomo wa bunduki ile haukuelekea udongoni. Kwenye pembe ya picha, upande wa kulia, mmekata mtu, imebaki miguu yake miwili kuanzia magotini, amevaa makubadhi ya ngozi, amesimama umbali wa hatua tatu. Mtutu unaitazama miguu hiyo. Wahariri wangapi waliipitia picha ile, na wote wakaona mswaki?

Sina nambari ya mpiga picha wenu, na mwanangu anasema barua za namna hii hamjibu. Lakini nakuomba, Mhariri, umuulize mambo mawili, uniandikie hata mstari mmoja gazetini. Wakati anapiga, magazini ile ilikuwa na risasi au haikuwa nazo? Na mwenye makubadhi, alipoondoka pale, kijana alifanya nini kwanza: alichomoa magazini, au alivuta koki?

Birika bado ninalo, liko juu ya kabati. Likihitajika kambini kwake, nitalituma kwa basi la asubuhi.

Wako,
Askari mstaafu wa wanyamapori,
Utete, Rufiji